UZI: Chesi ya Sinclair C5 ya mwaka 1985 imepasuka, Malindi. Nichomelee au nitupe?

MtotoWaMuyeye
Salaam aleikum wadau. Naomba ushauri wa mafundi, hasa nyinyi mnaofanya kazi za chuma huku pwani ambako chumvi haimwachi mtu.

Kuna kigari nimekipata kwenye stoo ya nyumba ya wageni kule Casuarina. Nyumba imeuzwa, mwenyewe mpya anataka stoo iwe tupu, akaniambia kama nakitaka nikichukue. Kumbe ni Sinclair C5, kile kigari cha umeme cha magurudumu matatu cha Waingereza. Kwa wasiokijua: unakaa chini kabisa, miguu mbele, usukani uko chini ya mapaja badala ya mbele ya kifua. Kina pedali na kina mota ya betri ya 12V. Kasi yake ilikuwa 24 km/h basi. Mvumbuzi wake, Clive Sinclair, alikizindua London tarehe 10 Januari 1985 kwa bei ya pauni 399, mwezi Agosti mwaka huo huo kiwanda kikasimama. Viliundwa kama 14,000 hivi, kwa hivyo si kitu cha kuokota kila siku Malindi.

Bodi ya plastiki ni nzima, imepauka tu. Shida ni chesi. Ni chuma kimoja chenye umbo la Y, boksi la kama sentimita 5 kwa 4. Mguu wa Y unakwenda mbele kwenye shingo ya usukani, mikono miwili inarudi nyuma kwenye magurudumu. Ufa uko pale mikono inapoachana, upande wa kushoto. Umeanzia chini ukapanda ubavuni. Hapo chini kutu imekula mpaka bisibisi inapenya. Na ukikitazama kutoka nyuma, kimelala upande.

Fundi wa kwanza, Kisumu Ndogo, anataka nimletee bomba la mraba la kutengenezea mageti alifunge chini kutoka mbele hadi nyuma. Wa pili ananiambia nitupe hiyo chesi, anijengee mpya ya vyuma vya pembe. Roho inakataa yote mawili lakini sina hoja ya kuwajibu. Nipeni fikira.

Kibandaski
Hicho si ndicho kile kilichofungwa mota ya mashine ya kufulia? Itoe ufulie, utapata faida zaidi 😂

ShelaBoy
@Kibandaski huo ni uvumi wa tangu 1985. Ulienea kwa sababu vilikuwa vikiunganishwa kwenye kiwanda cha Hoover, Merthyr Tydfil huko Wales, na Hoover watu wanawajua kwa mashine za kufulia. Mota yenyewe ilitoka Italia, kampuni ya Polymotor, wati 250. Kwa hivyo hapa Malindi, na Waitaliano tulionao, imerudi kwa jamaa zake.

Swali langu kwa mwenye uzi: unataka kukiendesha au kukiweka sebuleni? Maana kazi ya sebuleni ni rangi na putty tu.

MtotoWaMuyeye
Kukiendesha. Si kwenda Watamu, ni hapa hapa mtaani na jioni kule karibu na nguzo ya Vasco da Gama.

FundiWaGongoni
Nimechomelea miaka mingi kwenye mashamba ya chumvi huku kwetu, toroli, pampu, ngazi, kila kitu kinachooza. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hao mafundi wawili ni wazuri wa mageti, lakini hili si geti.

Kwanza angalia kigari chako kama kina springi. Hakina. Hakina shokamzoba wala springi ya jani. Waliokichora walitegemea chesi yenyewe ijisokote kidogo gurudumu moja linapoingia shimoni, halafu irudi. Chesi yako ndiyo springi. Ukiifunga bomba la geti kutoka mbele hadi nyuma, haitajisokota tena, na ile nguvu ya shimo haipotei. Itatafuta pengine pa kutokea, nayo hutokea mahali ambapo bomba lako limeishia. Nimeona toroli ngapi zimeongezwa chuma zikakatika kiganja kimoja kutoka kwenye weldi mpya! Mwenye toroli analaumu weldi. Weldi haina kosa, kosa ni kwamba upande mmoja ni mgumu sana na upande wa pili ni laini, na mpaka wao ni mstari mmoja.

Pili, ufa wako umeanzia chini. Hiyo ni kawaida. Wewe umekaa katikati, magurudumu yako mbele na nyuma, kwa hivyo uso wa juu wa boksi unabanwa na uso wa chini unavutwa. Chuma hupasuka panapovutwa. Na maji yakiingia ndani ya boksi hulala wapi? Chini. Kutu na mvuto zimekutana pamoja, tena kwenye kona ambayo tayari ina mzigo kuliko kwingine. Huna haja ya kutafuta mchawi.

Sasa kazi:

Usianze kuchomelea. Anza kutafuta ufa unaishia wapi, maana unaouona kwa macho si wote. Ondoa rangi kwa brashi ya waya na msasa, usitumie grainda hapo kwa sababu grainda hupakaza chuma juu ya ufa ukafichika. Paka mafuta ya taa, yaache yazame. Futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Fanya hivyo pande zote mbili za Y, na mkono wa kulia pia hata kama unauona mzima.

Mwisho wa kila mstari toboa tundu la milimita 3. Ufa ni mkali kwenye ncha, ukiuwekea tundu la duara unakosa pa kushika. Usipofanya hivyo, weldi itafunika huku ufa unaendelea na safari yake chini yake.

Palipooza kata. Usichomelee juu ya kutu, hata siku moja. Kata mpaka ufikie chuma kinacholia ukikigonga. Halafu pima unene kwenye ule ukingo ulioukata, utafute bati jeusi la unene huo huo. Si zaidi. Bati jeusi nimesema, si la mabati ya zinki na si bomba la geti lililopakwa zinki. Moshi wa zinki utakupa homa ya usiku mzima, na weldi itajaa matundu.

Kipande cha kwanza kiingie sawa sawa ndani ya shimo ulilokata, kando kwa kando. Baadaye, juu yake, unaweza kuweka kiraka kimoja cha kutia nguvu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanakata mraba. Usikate mraba! Kikate mfano wa jani la mwembe, ncha mbili zimechongoka zikielekea mbele na nyuma. Jani linaanza jembamba, linapanuka, linapungua, kwa hivyo hakuna mstari unaokatiza boksi kwa upana ambapo ugumu unabadilika ghafla. Na usianzie wala kumalizia weldi kwenye ncha. Anzia ubavuni, pita ncha, malizia ubavu wa pili.

Nitarudi kuhusu kunyoosha, simu inaita.

DerevaBarani
Na heshima zote fundi, lakini tuktuk yangu ilikatika chini na nikawekewa chuma nene huku na huku, ni mwaka wa tatu huu barabara ya Lamu na mashimo yake. Mbona haijakatika?

FundiWaGongoni
@DerevaBarani tuktuk yako ina springi na shokamzoba, ndugu yangu. Chesi yake ilikusudiwa iwe ngumu. Ukiongeza chuma, unaongeza uzito na kula petroli, lakini springi inaendelea na kazi yake. Kigari cha huyu kijana hakina huyo msaidizi. Ugumu huo huo unaokusaidia wewe unamuua yeye.

DerevaBarani
Hapo nimekuelewa nusu. Ila bado nasema chuma chepesi kwa barabara zetu ni kujitafutia.

ShelaBoy
Uzito wenyewe mbona mdogo. C5 bila betri ni kama kilo 30, ukiijumlisha betri yake ya risasi ni kama 45. Dereva ndiye mzigo.

BintiGede_umeme
Kabla ya mtu kuwasha mashine yoyote ya kuchomelea, naomba mnisikilize mimi wa upande wa nyaya.

Kaka Muyeye, vua kila kitu. Betri itoke, si kuchomoa waya tu, itoke nje ya kibanda. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu hewani cheche moja inatosha. Sanduku la umeme litoke. Umeme wa kuchomelea unapita kwenye chesi kurudi kwenye klampu ya ardhi, na kama kuna kontrola imeunganishwa huko inaweza kupitia humo. Vipuri vya mwaka 1985 huvipati dukani. Na klampu ya ardhi ifungeni karibu na ufa, kwenye chuma kilichong'arishwa, msiifunge kwenye gurudumu halafu umeme upite kwenye beringi.

Bodi nayo itoke yote. Ni polipropilini, plastiki ile ile ya viti vya plastiki vya harusini. Huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, cheche ya grainda tu inaacha kovu. Na ikipasuka haigandi gundi, kwa hivyo msiilazimishe mnapoitoa.

Jambo lingine ambalo fundi hajaligusa: hiyo kutu inaweza isiwe ya chumvi peke yake. Betri ya zamani ikivuja, asidi inakula chuma. Ukiona unga mweupe au wa kijani karibu na ilipokaa, changanya magadi soda na maji umwagie hapo. Ikitoa povu, asidi bado ipo. Endelea mpaka povu liishe, suuza, kausha. Ukipaka rangi juu ya asidi umepaka bure.

Kibandaski
Dada wewe uko wapi siku zote, stima ya kwangu inazimika kila nikiwasha pasi

BintiGede_umeme
Fungua uzi wako.

MtotoWaMuyeye
Shukran sana. Chaki imefanya maajabu. Nimeweka picha. Ufa wa kushoto ni mrefu karibu mara mbili ya nilivyoufikiria, umepanda ubavu mzima unakaribia uso wa juu. Na kulia kuna kingine kimeanza, kidogo kama kucha, mahali pale pale upande wa pili. Macho hayakukiona kabisa.

Magadi yamechemka upande wa kushoto. @BintiGede_umeme umepatia.

Sasa kunyoosha. Nimesubiri @FundiWaGongoni urudi.

FundiWaGongoni
Nimerudi, samahani.

Hicho kidogo cha kulia ndicho kilichonifurahisha. Ungechomelea kushoto peke yake ungerudi hapa baada ya muda kulia machozi. Hicho hakihitaji kiraka. Toboa tundu kwenye ncha, chonga mfereji wa V, jaza, sawazisha kwa faili ukifuata urefu wa chuma, si kwa kukikatiza. Mikwaruzo ya grainda iliyokatiza ni nyufa changa.

Kunyoosha: unanyoosha kwanza, unachomelea baadaye. Ukichomelea kwanza umegandisha upogo.

Tia alama katikati ya shingo ya usukani. Pima kutoka hapo hadi mwisho wa ekseli kushoto, halafu hadi mwisho wa ekseli kulia. Vipimo viwe sawa, tofauti ya milimita 2 au 3 unaweza kuishi nayo. Hicho ni kipimo cha kulalia kando. Kipimo cha kujisokota ni kingine: chukua fito mbili zilizonyooka, moja ilaze juu ya mikono ya nyuma, nyingine ifunge mbele kwa pima maji, halafu inama utazame fito ya mbele ikipita juu ya ya nyuma. Zikikatana macho yatakwambia. Waunda mashua hufanya hivyo hivyo.

Kuvuta, tumia jeki na mnyororo kwenye kitu kisichosogea, polepole, chuma kikiwa baridi. Usikichome mpaka kiwe chekundu, bati hili ni jembamba, litakunjika. Vuta kupita kidogo mahali unapotaka, kwa sababu kitarudi. Kikikaa, shika kwa nukta za weldi, pima tena. Hapo ndipo unafunga weldi yenyewe.

Mashine: kama unaweza kupata ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.8, nenda nayo. Kama ni ya rodi, tumia rodi za 6013 za milimita 2, ampea 40 hadi 60, usimruhusu mtu aje na za 3.2 za mageti, atatoboa matundu halafu aanze kuyafuata kwa kuyajaza. Weldi fupi fupi, ruka upande huu, hamia ule, acha kipoe chenyewe. Usimwagie maji. Na hakikisha boksi lina tundu la kupumulia, hewa iliyofungiwa ndani ikipata moto itapuliza weldi yako itoke nje.

NahodhaMambrui
Vijana mmezungumza vizuri, ila mtachomelea nje halafu ndani mwa boksi muache kutu ile ile. Brashi haifiki. Rangi haifiki. Sisi mashua zetu tunazipaka sifa, mafuta ya papa, na misumari ya chuma inakaa miaka. Mimina sifa ndani ya hiyo chesi, igeuze geuze, iache ichuruzike. Hutaona kutu tena.

Kibandaski
Mzee, huyu kijana akipita Casuarina na harufu ya papa watalii watakimbia 😂😂

ShelaBoy
Cheka, lakini mzee hajasema mzaha. Kampuni ya rangi ya Rust-Oleum ya Marekani, iliyoanza 1921, ilitokana na nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliyeona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yamezuia kutu isiendelee. Mafuta ya samaki hukauka yakawa ngozi nyembamba, hayabaki majimaji.

FundiWaGongoni
Kweli. Sharti iwe baada ya kuchomelea, si kabla, maana ukichomea karibu na mafuta yatawaka ndani ya boksi. Na heri sifa kuliko oili chafu ya injini ambayo vijana wa gereji watakupa bure. Oili chafu ina asidi yake na si nzuri kwenye ngozi.

Nta ya kupulizia ndani ya milango ya magari ni bora zaidi kama unaipata Mombasa. Kwa vyovyote, maji yaliyoingia lazima yapate njia ya kutoka. Tafuta kama kuna matundu ya zamani yameziba tope. Ukilazimika kutoboa jipya, litoboe mwisho wa mkono karibu na ekseli, mbali na njia panda ya Y. Usitoboe kamwe uso wa chini pale mikono inapoachana. Hapo tumetoka kuziba.

NahodhaMambrui
Na kuhusu wakati wa kupaka rangi, msipake wakati wa kusi upepo ukitoka baharini. Chumvi inatua juu ya chuma kabla ya brashi. Osha na maji matamu, kausha, paka siku hiyo hiyo.

MtotoWaMuyeye
Mrejesho.

Fundi niliyempata ni wa Maweni, ana MIG. Mwanzo alitaka kuniwekea pleti nene "ili usirudi", nikamsomea uzi huu, akacheka, kisha akakaa kimya akitazama chesi, akaishika mkono wa nyuma na shingo akaisokota kwa mikono. Ikaenda, ikarudi. Akasema haya, tukate jani.

Kunyoosha ndiko kulikokula muda. Jeki ilikuwa inasukuma, chuma kinafuata, ukiachia kinarudi nusu. Mwisho tofauti ya kushoto na kulia imebaki milimita 2. Fito haikatani.

Palipooza palikuwa pakubwa kuliko nilivyofikiri, tumekata mpaka kona ya boksi. Kona tumeikunja kutoka bati moja badala ya kuunganisha vipande viwili, wazo la fundi, ili kona yenyewe isiwe weldi. Kiraka cha jani kimekaa chini, kimepanda kidogo ubavuni. Kulia ni tundu na mfereji tu kama ulivyosema.

Nje praima ya zinki fosfeti na rangi nyeusi. Ndani sifa. Ndiyo, inanuka. Mama amehamishia kigari nyuma ya choo.

Betri ya risasi sikuinunua tena. Ile ya asili ilikuwa 12V 36Ah ya kilo kama 15. Nimepata ya lithiamu ya chuma fosfeti ya 12V 40Ah, ni kama kilo 5. Mzigo umepungua kwenye chesi pale pale pasipotaka mzigo.

BintiGede_umeme
Hongera. Je, chaja umebadilisha? Chaja ya zamani ya risasi usiitie kwenye lithiamu. Na fyuzi weka karibu na betri, si karibu na mota. Mota ya wati 250 kwa 12V inavuta kama ampea 21 ukitembea tambarare, ukianza kuondoka ni zaidi sana, kwa hivyo hakikisha ulinzi wa ndani wa hiyo betri unaruhusu. Saidia kwa pedali unapoondoka, ndivyo kilivyokusudiwa.

MtotoWaMuyeye
Chaja ni mpya. Fyuzi nitaihamisha kesho.

DerevaBarani
Nilikiona jana karibu na soko la zamani. Ni kweli kinapita shimo kama kinaogelea. Lakini kaka kiko chini mno, mimi kwenye tuktuk nilikuona dakika ya mwisho. Weka kijiti cha bendera nyuma, kirefu.

FundiWaGongoni
Weka bendera kama alivyosema. Na baada ya kukiendesha kwa muda, rudia mafuta ya taa na chaki, kwenye ncha za jani zote mbili na kwenye lile tundu la kulia. Rangi ikipasuka mstari mwembamba hapo, usipake tena, chunguza kwanza.

ShelaBoy
Matairi umepata wapi?

MtotoWaMuyeye
Nyuma ni inchi 16, nimepata za baiskeli ya mtoto hapa sokoni. Mbele ni 12 na nusu, iliyopo imechanika ubavuni na nimeishona kwa muda. Mwenye tairi na tyubu ya 12 na nusu, hata iliyotumika, anitafute inbox. Nitaifuata hata Mambrui.

NahodhaMambrui
Mjukuu wangu ana baiskeli mbovu ya saizi hiyo. Njoo Ijumaa baada ya sala, uje na kigari watoto wakione.